Siku Nzima Hewani kwa Ajili ya Hani

Isnino aliingia duka la tiketi mjini Garissa na swali moja tu: kutoka Minneapolis hadi Nairobi ni mbali kiasi gani?

"Kama kilomita elfu kumi na tatu, abaayo, dada yangu," akasema Mustafe, mwenye duka. "Ukibadilisha ndege njiani, siku nzima imekwisha. Unasafiri?"

"Mimi? Mume wangu ndiye anayekuja." Aliyasema bila tabasamu.

Miaka yote Shirwa alipokuwa akiendesha malori Marekani, wimbo wake ulikuwa mmoja tu: ni mbali. Isnino alijifungua kitinda mimba, ilikuwa mbali. Akalazwa kwa malaria, bado mbali. Jana Salah, ndugu yake Shirwa, alimpigia kumwambia Hani anakaribia kuzaa na hali yake si nzuri. Kabla ya Magharibi Shirwa alikuwa ameshakata tiketi!

Hani alikaa kwa Salah, nje ya mji, njia ya Masalani. Kila jioni Salah alimshikia simu usoni ili Shirwa amwone, na Shirwa, mtu mzima na ndevu zake, akamwimbia. Akaisifu shingo, akazisifu kope. Hani hakujibu hata salamu. Isnino, yeye, aliulizwa tu kama watoto wamekula.

"Kumbe una mke mwenza?" akauliza Saynab, jirani aliyehamia juzi.

"Mke mwenza angekuwa na zamu yake, nami yangu. Huyu kachukua zote."

Akakata shauri. Shirwa akianzia nyumbani, yataisha. Akianzia kwa Hani, ataomba talaka, na hatarudi nyuma. Hata hivyo alipaka hina na kufukiza udi, maana moyo bado ulimtaka yule mwanamume.

Kesho yake alasiri, gari lililomleta Shirwa kutoka Nairobi lilipita mbele ya lango lake bila hata kupunguza mwendo. Isnino akarukia bodaboda, akalifuata.

Alimkuta Shirwa amepiga magoti mchangani na koti lake la baridi la Marekani, amemkumbatia Hani shingoni, analia kwa furaha. Mtoto alikuwa amezaliwa salama.

"Shirwa!" akapaza sauti. "Leo utachagua. Mimi au yeye?"

Shirwa akageuka, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. "Isnino, wallahi nakuomba, punguza sauti. Ukimshtua atazuia maziwa."

Hani akamtazama Isnino, akacheua taratibu, akainua miguu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, akasimama na nundu yake ya ngamia katikati ya mume na mke.