Mtungi wa Bi Shemsa

Njiti mbili za kwanza za kiberiti zilizimika mkononi mwa Mwajabu. Akawasha ya tatu. Mkono wa pili ulishika swichi ya jiko la gesi alilolinunua jana.

"Fungua taratibu tu, mwanangu," alisema jirani yake, Bi Shemsa, kutoka mlangoni. "Haina neno."

Mwajabu alimwamini. Bi Shemsa ndiye aliyetangulia kuleta gesi mtaani, na mtungi wake, uliovishwa kitambaa cheupe cha kufuma, ndio uliowatia hamu wanawake wote wa ua ule. Hata muuzaji akibanwa kwa maswali alijibu, "Kamuulizeni Bi Shemsa."

Akageuka kumtazama, angalau apate moyo. Bi Shemsa alikuwa amesimama nje ya kizingiti, ndala zake kazishika mkononi.

"Mbona umevua ndala, mama?"

"Nikikimbia nazo nitajikwaa."

"Ukimbie nini? Si unapikia gesi kila siku?"

"Napikia mkaa, mwanangu. Ule mtungi sijauwasha hata siku moja. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aanze."

Mwajabu akatupa jicho nyuma ya Bi Shemsa. Uani walikuwa wamesimama wanawake wote, kila mmoja na mtungi wake mpya nyumbani, na kila mmoja yuko pekupeku, ndala mkononi, wakimtazama yeye.

Moto wa njiti ulikuwa umeshafika kwenye kucha.