Mkojo wa Mama

Nourdine alikificha kichupa cha mkojo wa Mama ndani ya kanzu yake, akashuka mteremko wa hospitali taratibu, mvua ikimnyeshea. Kuupata mkojo huo kulimtoa jasho. Tangu alfajiri alikaa na kichupa mkononi akimvizia Mama, na mara ya kwanza Mama aliumwaga wote kwenye mkeka, kisha akamtazama kana kwamba aliyekosa ni Nourdine.

Katika Kasongo nzima hakuwa na mtu mwingine. Mkewe, Faridah, alimzika kule Kabambare. Baada ya matanga, dada zake Nourdine walikuja kutoka Nyangwe kumchukua Mama, wakisema mwanaume hawezi kazi ya kumwogesha na kumfulia. Nourdine aligoma. Alipanda pikipiki na Mama, akahamia huku ambako hakuna aliyejua kumsema. Hakuna pia aliyejua kumsalimia, ila jirani mmoja. Mama akishalala, nyumba ilikuwa kimya hadi Nourdine alijikuta anakohoa makusudi, ili tu asikie kitu.

Sasa Mama alikuwa anaungua. Kila akikojoa alilia, na mwili ulikuwa moto. Nourdine alinunua dawa dukani. Homa iliposhuka, akaziweka zilizobaki kwa siku nyingine. Homa ikarudi. Akaenda duka la pili, akafanya vilevile. Safari hii dawa hazikufua dafu.

Odile, muuguzi wa maabara, alikipokea kichupa dirishani.

"Ni mukojo ya nani?"

"Ya Mama."

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

"Iko kwa jirani. Homa imemupanda, siwezi kumutoa mu mvua hii."

Odile aliziangalia ndevu zake zenye mvi, akamwonea huruma. Akamwambia asubiri. Walikuwa na kimashine kipya kilichoonyesha, kabla ya adhuhuri, vidudu vya kwenye mkojo vinaogopa dawa gani na vimeizoea ipi. Zamani mkojo ulisafirishwa mbali, na majibu yalirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Nourdine akakaa kwenye benchi. Wengine wote walikuja na ndugu zao. Walipeana karanga, walishikiana miavuli, walisengenya. Yeye alimwomba Mungu jambo moja tu, asiachwe peke yake ndani ya nyumba ile. Mama akiondoka, hapatakuwa tena na mtu wa kumsubiri mlangoni.

Odile alitoka, uso umekunjamana.

"Papa, dawa ulikuwa unamupa nusu-nusu?"

Nourdine aliinamisha kichwa.

"Vidudu vimezoea karibu dawa zote. Imebaki moja tu yenye itamusaidia. Na hii ukiikatisha, sina ingine ya kukupa."

Kumbe ubahili wake mwenyewe ndio ulikuwa unamuua Mama. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Anakulaka?" Odile aliuliza, sauti imeshuka.

"Uji tu. Na ndizi, nikiiponda. Meno iko nayo machache."

"Anatembea?"

"Anajikaza. Anashika ukuta."

"Na akili?"

Uso wa Nourdine ulichangamka kidogo. "Jana aliniita Baba."

"Pole sana, Papa. Mama yangu naye aliishia vile. Alikuwa ananiita jina ya dada yake."

Nourdine hakuelewa pole hiyo ilikuwa ya nini, akaitikia tu kwa adabu.

Odile akamwekea paketi mkononi. "Vidonge viwili asubuhi, viwili magaribi, mpaka viishe. Ata homa ikishuka."

"Na akivitema?"

"Viponde mu uji."

"Na akilia?"

"Alie. Umushike kichwa, ameze." Kisha akamgusa bega. "Usiogope. Yeye alikubeba mu mugongo ukiwa mutoto. Leo ni zamu yako."

Nourdine alikuwa ameshatia paketi mfukoni na kufika mlangoni. Akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Mwenye alinibeba tulishamuzika zamani, dada. Huyu nilimupa tu jina yake. Nyuma ya Ramazani ndio atatimiza mwaka moja."

Odile aliruka benchi, akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu ile kuichomoa paketi ya dawa za mtu mzima kabla mwenyewe hajamaliza kucheka.