Kidonge cha Mikono

Kidonge kilichomponya mgongo mzee Batholomeo hakikuwa na dawa hata chembe.

Elieth alijua, maana alikitengeneza mwenyewe. Alikuwa mwanagenzi wa maabara katika kiwanda kipya cha dawa cha Bwana Kishan, kwenye ghala la zamani la ushirika, njia ya Ihumwa. Mashine ya kukandamiza vidonge ilipofika haikulishwa dawa mara moja. Ilijaribiwa kwanza kwa wanga wa mahindi na sukari kidogo, mpaka ishike adabu. Vidonge vya majaribio vilikuwa vya kutupa.

Mzee Batholomeo, mlinzi wa getini, alikuwa akiugulia mgongo tangu enzi za ushirika. Kila Elieth akimpa shikamoo, marahaba ilikuja na kilio juu yake. Siku moja binti akachoka. Akamjazia vile vya kutupa kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka.

"Kimoja kila asubuhi, babu. Usizidishe, ni vikali."

Wiki haijaisha, mzee akaonekana anafyeka nyasi za uani.

"Mjukuu wangu, hii dawa inatembea," alimwambia. "Naisikia inavyoshuka, pingili kwa pingili."

Elieth alikwenda chooni, akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini naye alikuwa na lake. Akishika kijiko cha mizani, mikono inaanza ngoma yake yenyewe, unga unamwagika. Mwanagenzi aliyemtangulia, Henry, alimwaga hivyo hivyo. Sasa anauza mkaa kwao Chamwino. Na huko Nkuhungu, baba yake Elieth alikuwa amepunguzwa kazini. Nyumba nzima ilikuwa inangoja yeye aajiriwe. Bwana Kishan alishasema kwamba atamsimamia mwenyewe siku ya mtihani wa kuajiriwa.

"Asiyeweza kupima mbele yangu," alisema, "nyuma yangu atapima nini?"

Aliyemwokoa ni Bi Khairunissa, mkuu wa maabara, mama wa maneno machache. Siku moja alimtazama akimwaga unga. Kesho yake aliingia getini, akamjulia hali mzee Batholomeo na mgongo wake, kisha akaja maabara na tonge dogo la chapati.

"Ndani mna kidonge. Meza, usitafune. Kikikugusa ulimi, kwa uchungu wake leo chakula umekisahau."

"Kinaitwaje, Bi Khairunissa?"

"Jina lake refu. Meza, twende tukapime."

Elieth akafumba macho, akameza. Ikawa ndiyo desturi yao ya kila asubuhi. Na kwa kuwa alikuwa amesoma kemia, hakuhitaji kuambiwa dawa ya kweli ikoje. Alisikia ubaridi ukianzia begani, ukapita kiwikoni, ukaishia kwenye ncha za vidole. Mikono ikatulia kama ya mtu mwingine.

Siku ya mtihani alimeza kama kawaida. Bwana Kishan alisimama karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo cha mizani. Elieth alichota, akagonga kijiko kwa kidole, akagonga tena. Mshale ukapanda, ukasita, ukasimama penye mstari. Mezani hapakuanguka hata vumbi.

Bwana Kishan alifuta kioo kwa kitambaa, akatazama tena.

"Jumatatu njoo kama mfanyakazi," alisema, akaondoka.

Bi Khairunissa alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Elieth akakimbilia getini kutoa habari. Alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana kama zamani.

"Babu, nimeajiriwa."

"Hongera, mjukuu wangu. Sasa ukishakuwa mkubwa huko ndani, unikumbuke. Vimeisha." Akapindua kikopo kuonyesha.

"Vyote vile? Si nilikwambia kimoja kimoja?"

"Mimi kimoja, na Bi Khairunissa kimoja. Kila asubuhi akipita hapa anakichukua, anakifunga kwenye chapati. Anasema huko ndani kuna mtoto wa watu, mikono inamtetemeka." Mzee akajinyoosha kidogo, akaguna. "Leo kilibaki kimoja tu. Nikamwachia yeye."