Kijumba cha Maicol

Pigo la kwanza halikufanya kitu. Nyundo iliruka juu ya saruji ikamrudia Nolfa mkononi, maumivu yakampanda hadi begani. Alitema mate viganjani, akaiinua tena.

Kijumba chenyewe kilimfika kiunoni. Kilisimama ukingoni mwa barabara ya mji wa Alto Hospicio, kaskazini mwa Chile, pale inapopinda kabla ya kuteremka kuelekea baharini. Ndani mlikuwa na picha ya Maicol akicheka, mishumaa iliyoyeyuka, na makopo ya bia. Vijana wa mbio za magari walikuwa wamekijenga mahali alipofia, miaka minne iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyeshindana bila kugusa paa lile kwanza na kumwomba Maicol ampe mwendo, na awapofushe polisi.

Maicol hakufa peke yake. Siku ile gari lake lilimgonga Anaís, binti aliyekuwa akivuka barabara kutoka kazini, mfuko wa mkate mkononi.

Nolfa alichagua Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, akijua vijana wangekuwa wamelala. Rafiki yake Uberlinda alikuwa ameahidi kumsindikiza, lakini miguu ya Uberlinda haikuwa ya kutegemea, kwa hiyo Nolfa hakumngoja.

Pigo la tatu liling'oa kona ya paa. Hapo hapo gari jekundu likafunga breki, wakateremka vijana wawili.

"Bibi we! Unafanya nini hapo?"

"Nabomoa."

"Kwa kinyundo hicho?" Mmoja akacheka. "Utamaliza Krismasi!"

Mwenzake, Yerko, hakucheka. Alimkazia macho yule mama, kisha uso wake ukabadilika.

"Nakufahamu. Wewe ndiye yule wa kwenye televisheni. Uliyesimama bungeni Valparaíso na picha ya Anaís kifuani."

Ni kweli alisimama. Alisafiri kwa basi mchana kutwa na usiku kucha, akafika na miguu imevimba. Wabunge walipomwuliza anataka nini, alisema anataka magari yachukuliwe na vijana wafungwe, wangali hai. Sheria ilipopita, watu aliokuwa nao walikumbatiana. Yeye alijifungia chooni akalia.

"Sheria si mmepata?" alisema Yerko. "Gari la kaka yangu limechukuliwa, leseni imefutwa, mwenyewe yuko ndani. Bado hamjatosheka? Sasa mnamwandama hadi marehemu?"

"Yule mtoto wa fundi viatu," Nolfa alisema, "mwezi uliopita aligusa paa hili. Akafika wapi?"

Vijana walitazama chini. Wote walijua alifika chini ya lori.

"Na leo jioni anaendesha nani?"

"Mimi," alisema Yerko.

"Basi nenda nyumbani ukalale, mwanangu. Maicol hamlindi mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hata yai hajui kukaanga."

"Kwani ulimjua?"

Nolfa alipiga tena, na ukuta wa mbele ukapasuka. Vumbi la saruji lilimwingia machoni, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Yerko alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa imepoa sasa, ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mama, sikiliza. Pole kwa binti yako. Pole kabisa, kutoka moyoni. Lakini Maicol naye alikuwa na watu wake. Mama yake akija hapa akakuta kifusi, atajisikiaje?"

Nyundo ilibaki hewani kidogo.

"Hajawahi kuja," alisema Nolfa. "Hata ua moja hajaleta. Anaona haya."

"Mama gani huyo!" alisema yule mwingine.

"Ndivyo alivyo," Nolfa alisema, akapiga kwa nguvu zake zote.

Ukuta uliporomoka. Picha ilianguka kifudifudi katikati ya mishumaa. Nolfa alipiga magoti akaishika, lakini Yerko aliwahi kumkamata kifundo cha mkono, akakibana hadi vidole vyake vikafunguka.

"Hiyo hapana! Umevunja nyumba, umeridhika. Picha huondoki nayo ukaichome moto. Siachi!"

"Niachie, mwanangu. Nakuomba."

"Siachi!"

Teksi ya abiria ilisimama ng'ambo ya barabara. Mwanamke mnene mwenye fimbo aliteremka kwa shida, akavuka polepole bila kutazama kulia wala kushoto, hadi gari moja likapiga honi. Alikuwa Uberlinda. Alifika akihema, akaangalia kifusi, akaangalia mkono wa kijana.

"Bibi, huyu ni mwenzako?" Yerko alimwuliza. "Mchukue umpeleke nyumbani. Tunajua amefiwa, lakini uchungu wa mtoto wake usimfanye aje kumtesa marehemu wa watu."

Uberlinda aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Yerko, akaanza kuubandua kidole kimoja kimoja.

"Mama yake Anaís ni mimi," alisema. "Huyu mwache amtoe mwanawe barabarani."