Dawa ya Bibi Desanka

Relja alimng'ata mtoto wa jirani shavuni mpaka damu ikatoka, kisha akaketi kwenye nyasi akaendelea kuchezea kijiko chake. Alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Jasna alimbeba mwanawe akaingia naye ndani. Wiki hiyo hiyo Relja alikuwa amejigonga kichwa sakafuni mpaka paji likavimba, na alikuwa amemkaba paka shingo. Mtaa mzima pale mjini Leskovac ulijua kwamba baba yake, Vukota, yuko gerezani kwa kumpiga mtu hadi akafa. Hakuna aliyelitaja. Walimtazama tu mtoto.

"Hata Vukota alianza hivi hivi," alisema mama mkwe wa Jasna, Desanka, akimenya pilipili hoho zilizochomwa. "Kung'ata, kupiga, kujitupa chini. Usipomuwahi, mwanangu, atakushinda."

"Daktari anasema watoto wa umri huu hung'ata, Mama. Eti wengi huacha wakishaweza kusema."

"Huyo daktari kalea wangapi? Niachie mimi."

Jasna angefanyaje? Kiwandani kwao, kukosa siku ni kukosa kazi. Kila asubuhi akawa anamwacha mtoto kwa bibi yake.

Wiki chache tu baadaye, majani ya miti yakiwa bado yanapukutika, Relja aliacha kung'ata. Akaacha kulia. Akaacha hata kukiokota kijiko chake. Jasna akija kumchukua, humkuta ameketi pembeni, mikono mapajani, kama mzee aliye kanisani. Alimshukuru mkwewe mpaka akaishiwa maneno.

Jambo moja tu lilimsumbua: taa ikizimwa, mtoto alikakamaa mwili mzima. Lakini Vukota naye, pamoja na kifua chake kile kipana, hakuwahi kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa.

"Ni damu," Jasna alijisemea, akimpapasa mtoto mgongo uliokuwa mgumu kama ubao. "Damu ile ile."

Siku moja umeme ulikatika kiwandani, wakaruhusiwa mapema. Alimkuta Desanka jikoni peke yake, akijaza rojo la pilipili kwenye chupa.

"Relja yuko wapi, Mama?"

Desanka alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye mlango mdogo wa stoo ya chini ya ardhi, akavuta komeo. Harufu ya viazi na unyevu ikapanda. Kule chini, kwenye ngazi ya mwisho, mtoto alikuwa ameketi gizani, macho wazi, halii.

"Usishtuke, mwanangu," Desanka alisema kwa upole. "Baba yake nilianza kumfungia humu akiwa mdogo kuliko huyu."