Mguu wa Kushoto

Siku hizi simu ndiyo inayopima. Ukiibandika mguuni inaona damu iliyoganda: donge likiwa laini, dawa inaletwa mlangoni na unauguzwa kitandani miezi; likishakaa likawa gumu, hupewi kitu, sheria ndiyo hiyo.

Kila asubuhi mama alinipa mguu wa kulia nimpime. Leo, siku moja baada ya harusi yangu, akanyoosha wa kushoto. Umevimba huo, jamani! Simu ikasema: gumu.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu posa. Ningesema, ungeahirisha."

"Si ningeahirisha tu!"

"Basi, usilie, wanja utachuruzika."

Nje mume wangu anapiga honi, amekuja kunichukua kwake. Nikapima tena, gumu vilevile. Mama akaufunika kwa kanga, akanitolea ule wa kulia.

"Pima huu, mwanangu. Huu una majibu mazuri."