Bangili ya Sikudhani

Mgonjwa aliruhusiwa kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo kwa siku thelathini bila barua ya daktari. Zikiisha, bangili ya kielektroniki aliyovishwa kila mtaalamu ilizuia kila mguso wa tiba, hata nyumbani kwake.

Sikudhani, mtaalamu wa viungo huko Korogwe, alikuwa akimtibu mumewe, Mhina, aliyepooza mguu. Siku thelathini zilikwisha, na nafasi ya kumwona daktari ilikuwa bado wiki sita.

Kesho yake asubuhi Mhina alisimama kwa mara ya kwanza, ameshika meza ya jikoni. Mguu ukaanza kutetemeka.

"Nishike goti, mama watoto!"

Sikudhani akainama.

"Hiyo ni tiba," bangili ikasema kwa upole. "Subiri barua."

"Mimi ni mke wake!"

"Mke anaruhusiwa kumkumbatia mumewe."

Basi akamkumbatia. Akaliegemeza goti la Mhina kwa goti lake, akamsogeza hatua moja, kisha nyingine. Bangili haikusema kitu. Mhina alicheka kama mwizi aliyeponea chupuchupu, lakini Sikudhani aliitupia bangili jicho.

Wakawa wanakumbatiana hivyo kutwa mara tatu, yeye akihesabu hatua kimoyomoyo na kupima uzito wa mumewe begani. Wiki ya tano Mhina alitembea peke yake hadi mlangoni, akageuka, akamfungulia mikono. Sikudhani akamkimbilia. Walikaa hivyo muda mrefu, kisha Mhina akamnong'oneza:

"Sasa hivi unanikumbatia, au unanipima?"

Sikudhani alitaka kumjibu upesi, akakuta hajui.